Kesi ya Mgeni wa Taifa Aliyeliwa Matongoro

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa kuwa sheria inamtaka anayelitaja awe amesimama wima na mkono kifuani, nami nimekaa. Inatosha mjue kwamba ni nchi ya amani, na kwamba serikali yake haijawahi kukosea. Imeeleweka vibaya mara nyingi, lakini kukosea, hapana. Mimi ni karani wa kijiji cha Matongoro, kilichoko upande ule wa nchi ambao kwenye ramani ya ofisi ya wilaya umefunikwa na nembo ya taifa. Naandika haya kwa mapenzi yangu kwa serikali, ili asije mtu mwingine akayaandika kwa chuki.

Mambo yalianza na gwaride. Katika sherehe za miaka ishirini na mitano tangu Mtukufu Rais akubali kuendelea kuwa Rais, aliamua kuingia uwanjani amepanda ngamia, na nyuma yake mawaziri thelathini na tisa, kila mmoja na ngamia wake. Nchini hapakuwa na ngamia hata mmoja. Wakaagizwa arobaini kutoka nchi rafiki. Walipofika mpakani, afisa wa zamu akagundua kwamba fomu za kuingizia mifugo zilikwisha tangu mwaka juzi, na zilizobaki ni fomu za kupokelea wageni rasmi. Afisa mwenye akili timamu hawezi kuliambia gari la Ikulu lisubiri fomu. Akawaandika ngamia wote arobaini kuwa Wageni wa Taifa, kila mmoja na jina la baba yake, na penye sehemu ya kazi akawajazia "mfanyabiashara". Kisha akagonga mihuri.

Gwaride lilikwenda vizuri. Ngamia wa Mtukufu Rais alipiga magoti katikati ya uwanja akakataa kunyanyuka, na redio ikatangaza kwamba Rais amechagua kulisalimia taifa kwa karibu. Tatizo lilikuja baada ya sherehe, maana hakukuwa na wa kuwachukua. Wizara ya Mifugo ilisema haihudumii wageni. Wizara ya Mambo ya Nje ikasema haihudumii wanyama. Barua zikienda na kurudi, ngamia walikula nyasi za goli la kaskazini, wakala za goli la kusini, na zilipokwisha wakatoka kwa lango la watu mashuhuri, wakashika njia ya mbugani. Mlinzi wa lango aliwapigia saluti.

Hiyo ni miaka kumi na minane iliyopita. Ngamia hawana vikao wala semina, kwa hiyo muda wao wote wameutumia kuzaana. Tume iliyotumwa kuwahesabu ilihesabu miguu, ikagawanya kwa nne, ikapata ngamia elfu kumi na tisa na miguu mitatu ya ziada, ambayo bado inachunguzwa. Mtaalamu mmoja wa wanyamapori aliandika katika ripoti yake kwamba hawa sasa ni viumbe vamizi, kwamba wanakausha malambo na kumaliza malisho, kwamba wapunguzwe, na tena nyama yao inalika. Alihamishiwa idara ya stempu, na taarifa zinasema anaendelea vizuri.

Sasa nije kwetu. Matongoro tuna kisima kimoja, na mwangalizi wa kisima hicho ni Bi. Sikuzani Mlekwa, mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye sauti inayofika shamba la tatu. Kazi yake ni kupanga foleni. Mwenye mgonjwa anatangulia, mwenye mtoto mchanga anafuata, halafu ndoo kwa jinsi zilivyofika, na mwisho kabisa wanyama. Mwenyekiti wa kijiji amerudishwa nyuma mara mbili. Mimi nimerudishwa mara tano, wala sina kinyongo, maana nilikuwa nadanganya kwamba nina mgonjwa.

Mwaka wa ukame, ngamia walifika. Hawakupanga foleni. Walivunja birika la saruji, wakang'oa bomba la pampu, wakanywa hadi kisima kikatoa tope. Walipomaliza walikula mtama uliokuwa shambani, kisha ule wa ghalani, kisha ghala. Kiongozi wao alikuwa dume moja kubwa lenye kovu mdomoni. Watu walimpa jina la Mheshimiwa, kwa sababu penye maji alitangulia na penye kazi hakuonekana.

Watoto watatu waliugua kwa kunywa tope lile. Mmoja wao, binti wa jirani yangu Zubeda, mwaka mmoja na miezi miwili, hakupona. Hili silisemi kwa mzaha. Nilimwandika mwenyewe kwenye daftari la vifo, na penye sababu nikaacha wazi, kwa kuwa sikujua kama tunaruhusiwa kuandika ngamia. Hadi leo nikifungua ukurasa ule napandwa na hasira, na karani wa serikali hatakiwi kuwa na hasira.

Tulikuwa tumekwisha kuandika barua tangu siku ya kwanza. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, nalo lilikuwa waraka. Ulisema kwamba waliotajwa ni Wageni wa Taifa, hivyo wapewe kipaumbele katika vyanzo vyote vya maji. Wananchi wasimame hatua kumi nyuma yao wakitabasamu. Anayetaka kumfukuza Mgeni aombe kibali kwa nakala saba, na moja isainiwe na Mgeni mwenyewe. Chini kabisa waliandika kwa herufi kubwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Bi. Sikuzani aliniomba nimsomee waraka mara mbili. Akauliza kama serikali imeandika methali hiyo peke yake au kuna nyingine nyuma ya karatasi. Nikageuza, nikamwambia hakuna. Akasema basi serikali imefundishwa nusu.

Maana kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Matongoro hatusemi hivyo kwa mdomo tu. Jembe linaletwa kweli, limefungwa mpini mpya, linalazwa miguuni pa mgeni mbele ya mashahidi wawili. Akilishika, ni mwenzetu, anaonyeshwa tuta lake. Akilikataa, ugeni wake umekwisha siku ile ile na hakuna nyumba inayomlinda tena. Mkaguzi mmoja wa shule aliwahi kulishika akalima nusu eka na suruali yake ya suti, na tunamsifu mpaka leo.

Kisima kilipoanza kujaa tena, ngamia wakarudi kupiga kambi, nasi tukahesabu siku. Siku ya tatu Bi. Sikuzani alikwenda na jembe, mashahidi wakiwa Mzee Likwata, mchinjaji wetu, na mimi. Alililaza mbele ya Mheshimiwa, akamweleza kwa heshima zote kwamba amekula, amekunywa, amepumzika, na sasa shamba ni lile pale. Mheshimiwa alinusa mpini. Kisha akaukanyaga ukavunjika, akamtemea mama mate ya kijani kifuani, akarudi kwenye maji. Nikaandika katika kumbukumbu: "Mgeni amekataa."

"Likwata," alisema Bi. Sikuzani huku akijifuta kwa upindo wa kanga, "noa."

Mzee Likwata amechinja mbuzi na ng'ombe maisha yake yote, lakini mbele ya shingo ile alisimama muda mrefu akitafuta pa kuanzia. Wanaume kumi na wanne walishika kamba. Kupika kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpika mnyama huyo. Nyama ilianza kuchemka saa mbili asubuhi, na adhuhuri bado ilikuwa inarudisha meno nyuma. Wanawake wakatia magadi, wakaifunga kwa majani ya mpapai, na Bi. Sikuzani akaamuru nundu iyeyushwe peke yake itoe mafuta ya kukaangia. Harufu ya mafuta yale iliwatoa majumbani hata walioapa hawatagusa. Shemeji yangu alisema yeye hali mnyama mwenye kope za bibi harusi, halafu akala bakuli tatu akiwa amefumba macho. Ladha yake, kwa wasioijua, ni ya ng'ombe aliyesafiri sana. Watu mia nne na kumi na wawili walikula wakashiba, na kilichobaki tukakikata vipande virefu tukakianika juani.

Habari ilifika wilayani kabla mifupa haijakauka. Barua yetu ilichukua miezi miwili kupata jibu. Polisi walichukua siku moja na nusu. Walikuja na magari manne, wakakamata sufuria, mpini uliovunjika, na Bi. Sikuzani. Hati ya mashtaka ilisema kwamba mshtakiwa, kwa makusudi na kwa ugali, alimla Mgeni wa Taifa.

Kesi ilisikilizwa katika darasa la tatu la shule yetu. Serikali ilitaka haki ionekane, na paa la darasa hilo lilikuwa limeliwa na Wageni, hivyo mwanga ulitosha. Waziri wa Itifaki, Mheshimiwa Dakta Balozi Ngwachuma, alikuja mwenyewe kuzungumza kwa niaba ya marehemu, na alizungumza saa mbili nzima. Alisema taifa hupimwa kwa jinsi linavyowatunza wageni wake. Alisema leo ameliwa ngamia, kesho ataliwa balozi. Alisema marehemu ameacha mke, au wake, jambo hilo linafuatiliwa. Kisha akalia kidogo, na afisa ambaye kazi yake ilikuwa hiyo akampa kitambaa. Zubeda alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono mapajani. Hakuna aliyempa kitambaa.

Bi. Sikuzani alijitetea kwa jembe. Alieleza desturi yetu, mashahidi tukathibitisha, mpini ukaonyeshwa. Hakimu Tungaraza, mtu mpole anayeiogopa simu yake, aliugeuzageuza mpini, akasema kwa masikitiko kwamba anaona hoja hii ina mashiko. Simu ikaita. Alipomaliza kusikiliza, alisema hoja haina mashiko, kwa kuwa jembe halikukaguliwa na Shirika la Viwango, na marehemu hakupewa mkalimani. Akamtia hatiani. Mama afungwe miaka saba. Kisima kizungushiwe uzio kiwe mapumziko ya Wageni, na wakazi wa Matongoro wahamie mahali watakapoonyeshwa kwenye ramani, ile yenye nembo.

Isipokuwa, na hapa hakimu alisoma karatasi aliyoletewa na Waziri, kama mshtakiwa angekubali kuomba radhi hadharani mbele ya Wageni na kamera za televisheni. Sheria ya Radhi, kifungu cha pili, inasema kwamba mtu akiomba radhi na radhi yake ikagongwa muhuri, kosa lake linahesabiwa halikutendeka. Niwafafanulie kwamba sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mawaziri. Daraja likianguka, waziri anaomba radhi, na daraja linahesabiwa limesimama. Wananchi tunaendelea kuvuka kwa miguu majini, lakini kisheria tuko juu ya daraja.

Bi. Sikuzani akasema ataomba. Mzee Likwata alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kama angejua asingekiharibu kisu chake, akaondoka bila kuaga. Mimi nilimfuata mama katika stoo ya shule, walikokuwa wamemfungia kati ya madawati mabovu, nikamwambia ukweli kwamba nimeona aibu. Watu wanahamishwa kwao, mtoto amezikwa, halafu sisi ndio tunaomba msamaha.

Hakukasirika. "Karani," alisema, "nisomee tena kile kifungu. Taratibu."

Nikamsomea. Akauliza kama kinataja idadi ya watu wanaoruhusiwa kuomba radhi. Nikamwambia hakitaji. Akaniomba basi nipite nyumba kwa nyumba nikawaambie watu kwamba Jumamosi waje kisimani, na waje na ndoo.

Jumamosi wizara ilileta jukwaa, zulia jekundu na bendi ya polisi. Walimwaga maji ya lori zima kwenye hodhi la turubai ili Wageni wahudhurie, nao wakahudhuria kama sitini. Hotuba ya radhi ilikuwa imeandikwa wizarani, kurasa nne. Utaratibu ulisomwa kwa kipaza sauti: Waziri angepokea radhi akiwa amesimama, bila kofia, na asingeketi wala kunywa chochote hadi radhi ya mwisho imekwisha, kwa heshima ya marehemu. Pembeni yake alikaa afisa wa muhuri, kijana mnyoofu aliyefunzwa kugonga kila asikiapo maneno "naomba radhi".

Bi. Sikuzani alipanda jukwaani. Zile kurasa nne alizikunja akazisokomeza kibindoni. Akawageuzia ngamia mgongo, akatutazama sisi.

"Naomba radhi," alisema. "Naomba radhi kwa watoto wa Matongoro. Walikuwa wengi, wenye njaa, nami nikachinja ngamia mmoja tu."

Muhuri ukagongwa mara mbili, kwa kuwa alisema mara mbili. Waziri alifungua mdomo, akaiona kamera, akaufunga. Matangazo yalikuwa yanakwenda moja kwa moja nchi nzima.

Kabla hajapata la kusema, Mzee Likwata alikuwa amekwisha kupanda. Aliomba radhi kwa kuchelewa kupata mahali pa kukata. Shemeji yangu akaomba radhi kwa kufumba macho wakati wa kula, akakosa kuona kwamba sufuria bado ina nyama. Bibi mmoja asiye na meno aliomba radhi kwa mchuzi. Kila radhi ikagongwa muhuri. Nyuma yao foleni ilikuwa imezunguka kisima mara mbili, na Bi. Sikuzani alikuwa ameshuka anaipanga, mwenye mtoto mchanga mbele, mgonjwa mbele zaidi, na kila aliyekwisha kuomba radhi akienda na ndoo yake kwenye foleni ya maji.

Kisha akafika Zubeda. Hakuwa na sauti kubwa, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Naomba radhi kwa binti yangu," alisema. "Tulisubiri jibu la barua."

Yule kijana wa muhuri aliuinua muhuri akauacha hewani, halafu akaushusha polepole bila kumtazama mtu. Waziri alitazama viatu vyake. Kama kuna siku niliipenda kazi yangu ya kuandika majina ni ile, kwa sababu niliandika jina la mtoto kamili, na penye sababu, palipokuwa wazi katika daftari la vifo, nikajaza.

Radhi ziliendelea. Saa nne asubuhi, saa sita, saa nane. Hakuna ofisa aliyeweza kuzisimamisha, kwa kuwa radhi ikikatwa katikati inabidi ianze upya. Kichwa cha Waziri, kisicho na kofia wala nywele, kilikuwa kimeiva. Alipofika mtu wa mia mbili na themanini, Waziri alimwita afisa wake akaomba maji. Afisa akamkumbusha utaratibu, ambao Waziri ndiye aliyeusaini. Akavumilia watu wengine tisa. Kisha akashuka jukwaani peke yake, akaenda hadi kisimani, akanyoosha mkono kwenye kata.

Bi. Sikuzani aliishika kata kabla yake.

"Karibu, Mheshimiwa baba," alisema. "Foleni ya maji inaanzia kule. Nyuma ya yule mama mwenye ndoo ya bluu."

Polisi walimtazama Waziri, Waziri aliwatazama polisi, na polisi, ambao nao walikuwa hawajanywa kitu tangu alfajiri, walikuwa wamekwisha kusimama nyuma ya mama mwenye ndoo ya bluu. Waziri akaenda kusimama nyuma ya polisi. Ngamia nao walisogea, wakaanza kusukuma mabega kama ilivyo kawaida yao, na safari hii watu hawakusimama hatua kumi wakitabasamu. Walipiga ndoo, walipiga masufuria, walikwenda mbele bega kwa bega, wanawake na wazee na yule bibi asiye na meno, hadi Wageni wote sitini wakarudi nyuma ya mtu wa mwisho. Nilikuwa napiga bati la ofisi ya kijiji, mali ya serikali, na nililipiga likapinda.

Jioni redio ilisema kwamba zoezi la radhi limefana na kwamba Waziri alishirikiana na wananchi katika shughuli za maji. Wizara ikabaki na mihuri mia nne na kumi na tatu. Kwa mujibu wa sheria kosa halikutendeka, na kama halikutendeka, Mheshimiwa hakuliwa. Amealikwa kwenye gwaride la mwaka huu na mwaliko wake uko mezani kwangu. Uzio nao ulikosa sababu, ukapakiwa kwenye lori ukarudi ulikotoka. Bi. Sikuzani yuko kisimani kwake. Juzi amenirudisha nyuma mara ya sita.

Wizara iliwaza kuirekebisha Sheria ya Radhi, lakini mawaziri wakahesabu madaraja yao wakaona iachwe ilivyo. Badala yake yule kijana wa muhuri amehamishiwa Matongoro, awe karibu na wananchi. Ni kijana mzuri. Siku yake ya tatu tulimpelekea jembe akalishika, na mtama wake unaota. Yeye ndiye aliyetuonyesha, katika kuisoma sheria kwa makini, kwamba hakuna mahali inaposema radhi lazima ije baada ya kosa.

Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi, kabla Mzee Likwata hajanoa, tunakwenda ofisini kwa kijana huyo kwa foleni. Ijumaa iliyopita tuliomba radhi kwa ngamia sita. Walikuwa wamesimama nje ya dirisha, wazima, wakitusikiliza.